Malipo ya Uzee Yalivuka, Dawa Ikabaki

Tukitaja Mboko wengi wanafikiri samaki, mitumbwi na njia ya kutoka Uvira kwenda Baraka. Tufikiri leo juu ya muzee wa pale aliyefanya kazi ya mushahara mbali, kisha akarudi kwao na kikohozi. Nani atamulipa munganga?

Tarehe 16 Juni 1960, siku kumi na nne mbele ya uhuru, Ubelgiji ilitoa sheria kwa ajili ya waajiriwa wa Kongo na Ruanda-Urundi, karibu wote Wazungu. Serikali ya Ubelgiji yenyewe ikawa mudhamini wa malipo yao ya uzee, na pia wa gharama za dawa. Wafanyakazi Waafrika walikuwa na mufuko mwingine, wa sheria ya 1956. Mwaka 1961 mufuko huo uliingizwa katika Institut National de Sécurité Sociale: uzee, ajali za kazi, posho ya watoto. Ugonjwa haukutajwa. Sheria ya kazi ya 1967 ilimwagiza mwenye kazi amutibu mufanyakazi na jamaa yake, lakini mukataba ukiisha, dawa nayo imekwisha.

Mwitalia mumoja aliyefanya kazi Kongo alirudi kukaa Italia. Ubelgiji ilimunyima malipo ya ulemavu kwa sababu hakukaa Ubelgiji. Mwaka 1977 Mahakama ya Ulaya, kule Luxembourg, ilikata neno: haki yake haifungwi na mupaka. Na kwa dawa, Ulaya walipatana tangu zamani: muzee anatibiwa katika inchi anapokaa, na inchi inayomulipa pensheni inatoa gharama.

Na sisi? Mwaka 1978 Zaire, Rwanda na Burundi walifanya mapatano, ili miaka ya kazi ya Bujumbura ihesabiwe pamoja na ile ya Uvira. Ni neno jema, tena wengi hawalijui. Lakini mutumbwi hauvushi muzigo ambao haukupakiwa: hata sheria yetu ya 2016 haikuongeza tawi la ugonjwa.

Tena Tanzania haikuwa katika mapatano hayo. Watu wengi wa Fizi waliovuka ziwa tangu 1996 walifika kambi ya Nyarugusu. Muzee aliyekatwa mushahara miaka ishirini, kama alikuwa kati yao, alipewa dawa pale kwa kuwa ni mukimbizi. Ile miaka ishirini hakuna aliyemuuliza.