Bonde la Vinu vya Sukari nchini Cuba

Valle de los Ingenios, karibu na mji wa Trinidad nchini Cuba, lilikuwa na vinu vya sukari zaidi ya 50 katika karne ya 19. Miwa ilikamuliwa, kisha maji yake yakachemshwa katika masufuria makubwa yaliyopangwa mstari juu ya tanuri moja. Makapi yaliyokauka ndiyo yaliyokuwa kuni. Waliofanya kazi hiyo ni watumwa wa asili ya Kiafrika. Mnara wa Manaca Iznaga, wenye kimo cha mita 45 hivi, ulijengwa ili wachungwe wakiwa mashambani, na kengele yake ndiyo iliyopanga saa za kazi. Watalii huusifu uzuri wake. Shughuli yake haikuwa na uzuri wowote. Utumwa ulifutwa Cuba mwaka 1886. Mwaka 1988 UNESCO iliorodhesha mji na bonde pamoja kuwa Urithi wa Dunia.