Vijaluba vya Fedha: Pambo, Chombo au Hazina?



Kwetu Masukulu, wilayani Rungwe, fedha waliyoijua wazee ilikuwa sarafu. Rupia ya Wajerumani, iliyotolewa tangu mwaka 1890, ilikuwa ya fedha, na Tukuyu wakati huo ikiitwa Neu Langenburg. Pwani mambo yalikuwa mengine. Masonara wa Lamu, Unguja na Oman waliyeyusha reale ya Sham, sarafu yenye tarehe ya 1780 na takriban gramu 23 za fedha halisi, wakafua vijaluba vya tambuu, vikopo vya wanja na vikasha vya hirizi ambavyo akina mama walivivaa shingoni kwa mkufu.

Leo vitu hivyo vinauzwa katika maduka ya vitu vya kale Mji Mkongwe, na wako Waislamu wanaovikusanya. Je, sheria inasemaje?

Kwanza, hukumu inafuata matumizi. Bukhari na Muslim wamepokea kwa Hudhayfa (r.a.) katazo la kula na kunywa katika vyombo vya dhahabu na fedha. Imamu Nawawi katika Minhaj anaeleza kuwa kutumia chombo cha fedha ni haramu, na kwa kauli yenye nguvu zaidi katika madhehebu ya Shafi, hata kukiweka tu bila kukitumia. Kwa hiyo kijaluba cha tambuu na kikopo cha wanja, hata vikikaa kabatini, havisalimiki. Ama pambo la mwanamke, na kuupamba Msahafu kwa fedha, ni halali.

Pili, yaliyomo. Hirizi yenye maneno yasiyojulikana haifai kwa hali yoyote. Ile ya Qur'ani tupu Masahaba walihitilafiana: Abdullah bin Amr (r.a.) imepokewa kuwa aliiruhusu, na Ibn Mas'ud (r.a.) aliichukia. Anayenunua kikasha kilichozibwa asikichezee, kwani huenda ndani mna aya za Allah.

Tatu, zaka. Kwa Imamu Shafi, katika kauli iliyo dhahiri, pambo halali linalovaliwa halina zaka. Kwa Abu Hanifa linayo. Lakini chombo cha haramu, na pambo lililowekwa kama hazina, vinatolewa zaka kwa wote wawili. Nisabu ni dirhamu 200, takriban gramu 595, yaani kama reale 25 na nusu. Vipimwe kwa uzito wa fedha, si kwa bei ya ukale wake, kisha itolewe robo ya kumi kila mwaka.

Bibi aliyevaa kikasha chake alikuwa na pambo. Mjukuu aliyejaza kabati ana hazina, na aya ya 34 ya Suratut-Tawba inamhusu. Basi ndugu zetu, kabla ya kusifia nakshi, tupime mizani.

Wallahu a'lam.