Fungua Sanduku la Bibi

Ukitafuta historia ya bibi yako aliyebuni na kushona mavazi, usiishie kwenye magazeti ya zamani. Mwaka 1953 Jacqueline Bouvier alipoolewa na John F. Kennedy huko Newport, Marekani, magazeti mengi yalilisifu gauni lake bila kumtaja aliyelibuni: Ann Lowe, mwanamke mweusi, mjukuu wa mshonaji aliyewahi kuwa mtumwa. Siku kumi hivi kabla ya arusi bomba lilipasuka, maji yakaliharibu gauni. Lowe alilishona upya kwa hasara yake, akanyamaza.

Dorkasi alipofariki Yafa, wajane walimwonyesha Petro nguo alizowashonea. Basi, fungua sanduku la bibi. Kazi ya mikono yake ingali inamshuhudia, na Mungu hakuisahau.