Safu ya Lugha: Kutoa Hewa

Katika gereji za Kitale na Bungoma, fundi akishabadilisha silinda ya klachi husema sasa "anablidi". Neno hilo limetoka kwa Kiingereza, na maana yake ya asili ni "kutoka damu". Kiswahili kina jina linalofaa zaidi: kutoa hewa. Hilo linataja kazi yenyewe.

Mafuta ya klachi hayashindiliki, hewa hushindilika. Mfumo wa mafuta hayo ukifunguliwa, hewa huingia. Pedali hulegea, nguvu ya mguu haifiki kwenye klachi, na gia hukwaruza au hugoma kuingia. Ndiyo maana mafundi husaidiana wawili. "Kanyaga! Shikilia!" Mmoja hubana pedali chini, mwenzake hulegeza nati ya kutolea hewa kwa spana, na mapovu hutoka kupitia mpira mwembamba uliotumbukizwa chupani. Nati hukazwa kwanza, ndipo pedali huachiliwa. La sivyo hewa hufyonzwa tena. Hurudiwa hivyo hadi mafuta yatoke bila povu, huku kopo la mafuta lililo juu likiongezwa mafuta lisikauke.

Mwanagenzi akiambiwa "toa hewa" anajua papo hapo adui ni nani. Walimu wa ufundi, lifundisheni neno hili pamoja na spana.