Hisani na Ujira

Wahenga walisema, tenda wema nenda zako. Usemi huo humtakasa mtoaji na tamaa ya shukrani. Lakini hauelezi hali ya yule ambaye kutenda wema ndiyo kazi yake ya kila siku, asiyeweza kwenda zake kwa kuwa kesho hana budi kurudi mlangoni pa maskini yule yule. Je, ni halali mtu kama huyo alipwe? Akilipwa, huruma yake hubaki huruma, au hugeuka bidhaa? Swali hilo lilisumbua miji ya Marekani mwishoni mwa karne ya 19, na maisha ya Mary Richmond yalikuwa sehemu kubwa ya jibu lake.

Wakati ule kazi ya vyama vya hisani ilitegemea sana watu wa kujitolea wenye nafasi: mabibi wa nyumba tajiri, wafanya biashara na wachungaji, walioingia vichochoroni kwa saa chache kisha wakarejea makwao. Nia zao zilikuwa njema. Lakini nia njema haikumzuia mmoja kutoa fedha palipotakiwa daktari, wala mwingine kutoa mahubiri palipotakiwa mkate. Tena, kazi isiyo na ujira hufanywa na asiyehitaji ujira tu. Kwa hiyo aliyeijua dhiki kwa kuionja alifungiwa nje ya mlango wa kuiondoa.

Richmond alitoka nje ya mlango huo. Alizaliwa mwaka 1861 Belleville, Illinois, akafiwa na mama yake angali mdogo, akalelewa na bibi yake mjini Baltimore. Alimaliza shule mwaka 1878, wala hakupata chuo kikuu. Alijitafutia riziki kwa ukarani na kuandika vitabu vya hesabu. Mwaka 1889 aliajiriwa kuwa msaidizi wa mtunza hazina katika chama cha kuratibu misaada cha Baltimore. Miaka miwili baadaye alifanywa katibu mkuu, cheo kilichowahi kushikwa na msomi wa chuo kikuu, Amos Warner. Kama chama kile kisingalikuwa na mshahara, kisingalimpata.

Cheo hakikumpofusha. Aliona kwamba vijana walitaka kuifanya kazi hii maisha yao yote, lakini hapakuwa na mahali pa kujifunza. Kila mmoja alijifunza kwa makosa, na makosa yale yalilipwa na maskini. Mwaka 1897, katika mkutano wa vyama vya hisani mjini Toronto, Kanada, alidai shule ya kuwafundisha. Mwaka uliofuata masomo ya wiki sita yalianzishwa New York, nayo yalikua hata yakawa shule ya ustawi wa jamii ya Chuo Kikuu cha Columbia.

Hata hivyo heshima haikuja upesi. Mwaka 1915, katika Baltimore ile ile, Abraham Flexner aliuambia mkutano wa wahisani kwamba kazi yao haijastahili kuhesabiwa pamoja na udaktari na uanasheria, kwa sababu haikuwa na ustadi wake yenyewe unaoweza kufundishwa. Neno hilo liliuma kwa kuwa lilikuwa na ukweli. Mwaka 1917 Richmond alitoa kitabu chake Social Diagnosis, matunda ya uchunguzi wa miaka mingi. Humo alifundisha namna ya kukusanya ushahidi kwa jamaa, waganga, walimu na waajiri, na kuupima kabla ya kukata shauri juu ya maisha ya mtu.

Mizani yake ilikuwa na upungufu. Ilichungua nyumba ya maskini kuliko mshahara na kodi vilivyomfanya maskini, naye mwenyewe alipinga serikali kuwapa wajane posho. Jane Addams na wenzake wa Hull House, nyumba iliyofunguliwa Chicago mwaka 1889, walitazama zaidi viwanda na sheria. Historia imewahitaji wote wawili, maana mtoto mwenye njaa leo hawezi kungoja sheria ya kesho, na sheria isipokuja njaa itarudi.

Richmond alifariki mwaka 1928. Hatari aliyoiacha nyuma ingali hai: anayekula kwa sababu maskini wapo aweza kuzoea kuwapo kwao. Lakini dawa yake si kumnyima ujira, kwa kuwa kufanya hivyo ni kuirudisha hisani mikononi mwa matajiri peke yao. Dawa ni kumdai hesabu, kama alivyodai Richmond: alijua nini, alifanya nini, na mtu yule aliyesaidiwa alipata nafuu gani. Ujira si bei ya huruma. Ni chakula cha anayebaki baada ya wengine kwenda zao.