UHASIBU: Somo la hiari na cheti kinachofuata vyataka kuteuliwa kwa makini

KATIKA wadi ya Kakuyuni, magharibi mwa mji wa Malindi, karo ya mwana anayesomea uhasibu mara nyingi hutoka shambani: mahindi, mihogo, nazi, korosho na maembe. Kila ada ya mtihani ni mazao yaliyouzwa. Ndiyo sababu somo moja likiteuliwa vibaya, hasara humfika mzazi sawa na mwanafunzi.

Swali la uteuzi huja kwa ghafla. Kwa sehemu kubwa ya masomo ya CPA, mwanafunzi hana la kuchagua. Masomo yote ni ya lazima. Afikapo ngazi ya juu ndipo hutakiwa kuteua somo moja kati ya manne. Wengi huwauliza wenzao ni lipi lililo rahisi. Swali lenye manufaa ni jingine: atafanya kazi gani, na wapi?

Ngazi za masomo

Mitihani ya CPA husimamiwa na KASNEB, bodi iliyoundwa mnamo 1969. Mtaala wake ulifanyiwa mabadiliko makubwa mnamo 2021, na tangu hapo masomo yamegawanywa katika ngazi tatu: ya msingi, ya kati na ya juu.

Anayejiunga moja kwa moja kutoka shule ya upili hutakiwa kuwa na alama ya wastani ya C+ katika KCSE. Aliyepata C- anaweza kuanza na stashahada ya mafundi wa uhasibu, ATD, kisha akaendelea na CPA. Njia hiyo ni ndefu zaidi, lakini si ya aibu. Mwenye ATD anaweza kuajiriwa kama karani wa hesabu huku akijilipia karo ya ngazi zinazofuata.

Ngazi ya msingi na ya kati zina masomo sita kila moja. Katika ngazi ya juu, masomo matatu ni ya lazima: uongozi na usimamizi, utayarishaji wa taarifa za kifedha, na usimamizi wa fedha. Juu ya hayo kuna somo la hiari, pamoja na mtihani wa vitendo wa uchanganuzi wa data unaofanywa kwa kompyuta.

Mitihani huandaliwa mwezi wa Aprili, Agosti na Desemba. Zamani ilikuwa mara mbili kwa mwaka. Mpango wa sasa humfaa anayesubiri mavuno, kwani akikosa karo ya msimu mmoja hatalazimika kungoja nusu mwaka.

Masomo manne ya hiari

Somo la kwanza ni ushuru. Humfaa anayekusudia kuwashauri wafanyabiashara wadogo, ambao ni wengi katika mji wa Malindi na viunga vyake. Biashara yenye mauzo ya Sh5 milioni au zaidi kwa mwaka hulazimika kusajiliwa kwa ushuru wa VAT. Aidha, tangu Januari 2024, gharama isiyo na ankara ya kielektroniki ya mfumo wa eTIMS kwa kawaida haikubaliwi na Mamlaka ya Ushuru, KRA, wakati wa kukokotoa kodi ya mapato. Wenye maduka na mikahawa wanamhitaji mtu wa kuwafafanulia mambo haya.

Hata hivyo, somo hili halimngoji mvivu. Sheria hubadilika mara kwa mara. Mswada wa Fedha wa 2024 uliondolewa Juni kufuatia maandamano, lakini kufikia Desemba mwaka uo huo sheria za ushuru zilikuwa zimerekebishwa kwa njia nyingine. Anayesomea vitabu vya zamani hujitayarisha kuanguka.

La pili ni ukaguzi wa hesabu. Hili ni la anayetaka kuajiriwa na makampuni ya ukaguzi, ambayo mengi yako Mombasa na Nairobi, au kuwa mkaguzi wa ndani katika chama cha akiba na mikopo, benki au serikali ya kaunti. Ikumbukwe kuwa cheti cha CPA pekee hakimruhusu mtu kutia sahihi ripoti ya ukaguzi. Chini ya Sheria ya Wahasibu ya 2008, sharti awe mwanachama wa taasisi ya wahasibu, ICPAK, na awe na leseni ya kutoa huduma kwa umma.

La tatu ni uhasibu wa usimamizi. Wanafunzi hulipuuza, ilhali Pwani ina kazi zake. Hoteli za Malindi hupungukiwa na wageni wakati wa masika, na meneja hutaka kujua kama ni nafuu kufunga baadhi ya vyumba au kupunguza bei. Viwanda vya chumvi vya Gongoni na Marereni navyo huhitaji mtu wa kukadiria gharama ya kila tani. Huo ndio uwanja wa somo hili.

La nne ni usimamizi wa fedha za umma. Tangu serikali za kaunti zianze kazi mnamo 2013, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, bajeti, ununuzi na ripoti za fedha hufanyika pia huku mashinani. Mnamo 2024 Baraza la Mawaziri liliidhinisha serikali iache polepole hesabu za fedha taslimu pekee, na kuanza kunakili pia madeni na mali. Wahasibu wanaouelewa mfumo huo watahitajika. Hatari yake ni moja: nafasi za serikali ni chache, na anayeweka matumaini yake yote huko huenda akakaa nyumbani muda mrefu.

Kabla ya kujisajili

Mwanafunzi na asome matangazo ya kazi ya miezi kadhaa, aone ni ujuzi upi unaoitishwa mara kwa mara. Pia aangalie alama zake za ngazi ya kati. Aliyeponea chupuchupu katika ushuru asiukimbilie kwa sababu tu rafiki yake ameuchagua. La mwisho, ahakikishe chuo anachosomea kina mwalimu wa somo hilo. Vyuo vingine hufundisha masomo mawili tu kati ya hayo manne, na mwanafunzi hugundua akiwa tayari amelipa.

Mwenye shahada ya biashara anaweza kuiomba KASNEB imsamehe baadhi ya masomo ya ngazi za mwanzo. Msamaha huo hauji wenyewe. Huombwa na kulipiwa, na akiba ya muda ni kubwa.

Baada ya CPA

Hatua ya kwanza si mtihani mwingine bali uanachama wa ICPAK, kwani waajiri wengi, serikali ikiwemo, huuitisha. Baada ya hapo, cheti kifuate kazi.

Anayependa sheria na uongozi wa makampuni anaweza kusomea ukatibu wa kampuni, CS. Sheria ya Makampuni ya 2015 huilazimu kampuni ya binafsi yenye mtaji uliolipwa wa Sh5 milioni au zaidi kuwa na katibu. Anayevutiwa na hisa na uwekezaji ana CIFA, na mkaguzi anayechunguza mifumo ya kompyuta ana CISA. ACCA ya Uingereza humfaa anayelenga kufanya kazi ng'ambo. Lakini anayetaka kubaki Kenya asidhani kuwa CPA ni cheti hafifu kando yake.

Mshika mawili, moja humponyoka. Kijana mwenye vyeti vitatu vilivyoachwa njiani huonekana na mwajiri kuwa hajamaliza hata kimoja. Heri amalize CPA, afanye kazi mwaka mmoja au miwili, kisha kazi yenyewe imwonyeshe pengo la kuzibwa. Na kwa familia iliyouza korosho ili alipiwe mtihani, mshahara wa kwanza una uzito kuliko cheti cha pili.