Kutoka kichwani hadi kwenye keria: historia ya kubeba mzigo Iringa na somo lake kwa mwenye pikipiki



Swali ninaloulizwa sana vijijini siku hizi halihusu mbolea wala dawa za wadudu. Linahusu keria ya pikipiki. Mkulima wa nyanya Ilula anataka fundi wa kuchomelea amrefushie keria kwa nyuma ili lipande tenga la pili. Mwingine ameona pikipiki kubwa za watalii zinazopita barabara ya Tanzam, zikiwa na masanduku ya aluminiamu kushoto na kulia, naye anauliza kama kitu kama hicho kinaweza kutengenezwa hapa Ipogolo.

Jibu lipo, na kwa sehemu kubwa walishalitoa waliotutangulia. Watu wa nyanda hizi wamebeba mizigo mizito milimani kwa miaka mingi kabla ya pikipiki kufika. Tukiangalia walivyobeba, tutajua keria ya kutengeneza na ya kukataa.

Enzi za wapagazi

Karne ya 19 bidhaa zilitoka pwani kwenda bara na kurudi kwa miguu. Misafara ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji ilikuwa na mamia ya wapagazi, na waliosifika zaidi walikuwa Wanyamwezi. Ndiyo maana mpaka leo tunasema "mzigo mzito mpe Mnyamwezi".

Wengi hawajui kwamba mzigo wa mpagazi ulikuwa na kipimo. Kwa kawaida ulikuwa frasila mbili hivi. Frasila moja ni kama kilo 16, kwa hiyo mtu mmoja alibeba takriban kilo 30, mbali na mkeka na chakula chake. Mpagazi aliyeona mzigo umezidi aligoma kuunyanyua, na msafara ulisimama mpaka ugawanywe upya. Walijua kuwa kilo chache za ziada asubuhi zinamwangusha mtu jioni, na safari ilikuwa ya wiki nyingi.

Njia ya pili ya kubeba ilikuwa mzegazega: fimbo begani, mzigo mmoja mbele na mwingine nyuma. Wachota maji wameitumia miaka mingi. Debe moja la maji ukilibeba kwa mkono mmoja linakupinda mgongo, lakini madebe mawili yaliyoning'inia sawasawa kwenye fimbo unatembea nayo wima. Uzito umeongezeka mara mbili, na bado mwendo umekuwa rahisi.

Shogi la punda

Kwa mnyama kanuni ni ileile. Watu wa pwani wana kitu kinachoitwa shogi. Ni mfuko mkubwa wa ukili unaolazwa juu ya mgongo wa punda, ukiwa na tumbo moja kushoto na tumbo jingine kulia. Mwenye punda hajazi upande mmoja kisha akaenda upande wa pili. Anajaza huku kidogo na kule kidogo, na wakati wa kushusha anafanya vivyo hivyo. Asipofanya hivyo shogi linazunguka na mzigo unaishia tumboni mwa punda.

Shogi linakaa chini ya mstari wa mgongo na karibu na mbavu, wala halirundikwi juu ya kiuno. Ukikumbuka hilo, umeshaelewa zaidi ya nusu ya habari ya masanduku ya pembeni.

Vita na Kariakoo

Katika Vita Kuu ya Kwanza, kuanzia 1914 hadi 1918, majeshi ya Waingereza na Wajerumani yalipigana nchini mwetu, na Iringa ilipitiwa. Farasi, ng'ombe na punda walikufa kwa wingi kwa sababu ya mbung'o. Jeshi likarudi kwenye kichwa cha binadamu. Mamia ya maelfu ya Waafrika waliandikishwa kubeba risasi na chakula, na wengi sana walikufa, zaidi kwa maradhi, njaa na uchovu kuliko kwa risasi. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, linatokana na jeshi hilo la wapagazi la Waingereza, Carrier Corps.

Wapagazi wa misafara waliweza kugoma mzigo ukizidi. Wale wa vita hawakuwa na nafasi hiyo. Mtu anayeamua uzito akiwa siye anayeubeba, kipimo kinapotea haraka. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Tutarudi kwenye neno hilo tukifika kwenye lumbesa.

Makete ya miaka ya 1980

Baada ya uhuru barabara kubwa zilikuja. Lami ya Tanzam ilipandishwa Kitonga na kupita Iringa, Mafinga na Makambako hadi Mbeya mwanzoni mwa miaka ya 1970. Reli ya TAZARA ikakabidhiwa mwaka 1976. Lori likatoka Mbeya hadi Dar es Salaam bila tatizo kubwa. Lakini kutoka shambani hadi barabarani mzigo ulibaki kichwani, na mara nyingi kichwani mwa mwanamke.

Jambo hili lilichunguzwa hapa kwetu. Katikati ya miaka ya 1980 Shirika la Kazi Duniani, ILO, lilishirikiana na serikali kuanzisha mradi wa usafiri vijijini Makete, wilaya ambayo wakati huo ilikuwa ndani ya mkoa wa Iringa. Mradi ulipima safari za kaya moja moja: maji, kuni, shamba, mashine ya kusaga. Ulionyesha kwamba sehemu kubwa ya kubeba hufanyika ndani ya kijiji na mashamba yake, kwa miguu, na kwamba wanawake ndio wanaobeba sehemu kubwa. Barabara ya lori peke yake isingeondoa mzigo huo.

Kwa hiyo mradi ulitengeneza njia za miguu na kuleta punda na matoroli. Toroli kwenye mteremko wa Makete linasumbua, lakini punda anapita. Punda wa kilo 150 akipewa theluthi ya uzito wake anabeba kilo 50, nusu huku na nusu kule, kwenye njia ambayo gurudumu halipiti. Lilikuwa shogi lilelile, limepanda milimani.

Baiskeli, kisha bodaboda

Baiskeli za Raleigh za Mwingereza, na baadaye Phoenix za Mchina, ndizo zilizotuletea neno keria kwenye mazungumzo ya kila siku. Keria ya baiskeli ilikuwa juu ya gurudumu la nyuma, na mtu aliweza kupakia gunia akasukuma kwa mkono kwenye mlima. Mwendo ulikuwa mdogo, hivyo kosa la kupakia lilikugharimu jasho zaidi kuliko damu.

Neno bodaboda nalo lilizaliwa kwenye keria. Miaka ya 1960 na 1970, mpakani Busia kati ya Kenya na Uganda, vijana waliweka godoro dogo kwenye keria ya baiskeli na kuvusha watu kutoka mpaka mmoja hadi mwingine. Pikipiki za bei nafuu kutoka China na India zilipoingia kwa wingi miaka ya 2000, SanLG, Boxer, TVS na nyinginezo, jina likahamia kwenye injini. Tanzania ikatoa kanuni za leseni za usafirishaji kwa pikipiki na bajaji mwaka 2010, na kazi ikawa halali.

Faida yake tunaiona. Njegere za Dabaga zinafika sokoni zikiwa bado mbichi, na maziwa ya asubuhi yanafika kituo cha kukusanyia kabla jua halijawa kali. Lakini keria ya baiskeli ilihamishiwa kwenye chombo kinachokimbia kilomita 60 kwa saa bila kanuni zake kubadilishwa, na hapo ndipo ajali zilipoanza.

Masanduku ya watalii

Pikipiki zile kubwa tunazoziona nazo zina historia yake. Wapanda farasi wa Ulaya walikuwa na mifuko miwili ya ngozi iliyoning'inia nyuma ya tandiko. Pikipiki zilipoanza kubeba barua za jeshi katika vita viwili vya dunia, mifuko hiyo ilihamishiwa pembeni mwa gurudumu la nyuma. Mwaka 1973 Mwingereza Ted Simon alianza kuzunguka dunia kwa pikipiki ya Triumph ya sentimita za ujazo 500. Alipita Afrika kutoka kaskazini hadi kusini, na safari nzima ilimchukua miaka minne. Mashindano ya kwanza ya Paris hadi Dakar yalianza mwishoni mwa 1978, na mwaka 1980 kampuni ya BMW ikatoa R80 G/S, pikipiki ya lami na vumbi ambayo nyingi za leo zimefuata mfano wake.

Kinachowashangaza watu nikiwaambia ni hiki: pikipiki hizo zina injini kubwa mara nyingi kuliko Boxer, lakini watengenezaji wengi huandika kwenye sanduku la pembeni kikomo cha kilo 10 hivi. Sisi kwenye pikipiki ya sentimita 125 tunafunga tenga la kilo 40 nyuma kabisa.

Kwa nini keria ndefu ni hatari

Fikiria ubao wa bembea wa watoto, na ekseli ya nyuma ndiyo kigingi chake. Chukua pikipiki yenye sentimita 130 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Mzigo wa kilo 60 ukikaa sentimita 40 nyuma ya ekseli ya nyuma, unaondoa takriban kilo 18 kwenye gurudumu la mbele. Usukani unakuwa mwepesi na kuanza kucheza. Ukipanda Kitonga, mlima wenyewe unarudisha uzito nyuma zaidi. Ukikuta kona yenye mchanga, gurudumu la mbele halina cha kulishikiza chini.

Nyanya nazo zinaumia, kwa sababu mwisho wa keria ndefu ndio unaoruka juu kuliko sehemu nyingine yoyote ya pikipiki. Zinazofika zimepondeka mnunuzi anazitupa pembeni, na hasara ni yako, siyo ya fundi.

Keria ya kumwagiza fundi

Anza na hesabu ya uzito. Kitabu cha pikipiki kinaonyesha mzigo unaoruhusiwa, na ndani yake yumo dereva. Tuseme kitabu chako kimeandika kilo 150. Toa dereva kilo 65, toa keria na masanduku kilo 15, unabaki na kilo 70. Hiyo ndiyo frasila yako. Abiria akipanda, mzigo ushuke. Mshikaki juu ya mzigo haupo kabisa.

Mwambie fundi asichomelee kwenye fremu ya pikipiki. Moto unadhoofisha chuma chake. Keria ifungwe kwa bolti kwenye matundu yaliyopo: chini ya siti, kwenye bolti ya juu ya shokapu, na karibu na mahali abiria anapokanyaga. Isifungwe kwenye mkono unaoshika gurudumu la nyuma, kwa sababu huo unapanda na kushuka na utaivunja. Atumie bomba jepesi badala ya nondo, na aunganishe upande wa kushoto na wa kulia kwa bomba linalokingama nyuma ili zisichezecheze.

Masanduku au kreti zikae pembeni, chini ya usawa wa siti, na katikati yake isipite nyuma ya ekseli. Upana usizidi usukani: usukani ukipita mahali, mzigo nao upite. Acha nafasi ya kutosha kwenye bomba la moshi, maana plastiki inayeyuka na gunia linashika moto. Mnyororo uzunguke huru, na taa na namba ya usajili vionekane.

Kwa nyanya, kreti mbili za plastiki za kilo 20 hivi, moja kila upande, ni bora kuliko tenga moja refu nyuma. Kwa maziwa, keni mbili zilizo sawa. Jaza na shusha kwa zamu, kama shogi. Juu ya siti ya nyuma weka vitu vyepesi tu, mboga za majani au mifuko mitupu. Weka washa za springi, na baada ya wiki ya kwanza kaza nati zote upya kwa spana.

Mwisho ni lumbesa. Sheria ya Vipimo inaikataza, na tumezoea kuilalamikia kwa sababu inamnyonya mkulima sokoni. Lakini gunia hilohilo hupandishwa kwenye pikipiki na kijana ambaye hakulijaza wala hatalinunua. Mkulima, mnunuzi na dereva mkikubaliana kipimo kabla ya kufunga kamba, mnarudi kwenye haki ile ya mpagazi wa zamani ya kusema mzigo huu umezidi, ugawanyeni. Ikibidi, lipia safari ya pili. Itakugharimu kiasi cha mafuta, na dereva wako atakuwepo msimu ujao kukubebea tena.